Mji Unapokua, Nani Anausomea Mapato na Matumizi?

Karatasi inayotoka kwenye mashine ya kukusanyia ushuru wa soko ina upana wa vidole vitatu hivi, na maandishi yake hufifia juani kabla hata msimu haujaisha. Mama anayepanga mafungu ya nyanya juu ya gunia hupewa moja kila siku anapotandika biashara yake. Ina jina la halmashauri, tarehe, saa na kiasi alicholipa. Huipokea, akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye ncha ya khanga pamoja na chenji, maana mkaguzi akipita tena mchana ataidai. Karatasi hiyo inathibitisha jambo moja tu, kwamba fedha imetoka mkononi mwake. Haisemi imekwenda wapi. Haisemi kwa nini choo cha soko hakina maji, wala kwa nini mtaro unaopita nyuma ya vizimba umejaa maganda na mifuko mpaka maji machafu yanarudi barazani. Mama huyu angekuwa anaishi kijijini, angekuwa na siku yake, mahali pake na haki iliyoandikwa katika sheria ya kusimama mbele ya viongozi na kudai asomewe mapato na matumizi. Makazi yake yamekua, yamepandishwa hadhi, yanaitwa mji. Anatozwa mara nyingi zaidi kuliko ndugu zake wa kijijini, na anasomewa mara chache zaidi.

Hali hii inawagusa watu wengi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na takriban asilimia 35 kati yao waliishi mijini. Miaka kumi kabla ya hapo walikuwa chini ya asilimia 30. Wengi tukisikia habari za kukua kwa miji tunaifikiria Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, lakini sehemu kubwa ya ukuaji huo iko Himo, kwenye njia panda ya kwenda Taveta; iko Mbalizi kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia; iko Kibaigwa kwenye soko la mahindi, Katoro kwenye dhahabu na Mirerani kwenye tanzanaiti. Ni makazi yaliyoanza kama kijiji au kituo cha mabasi, yakavuta wachuuzi, mafundi, wapangaji na bodaboda, mpaka siku moja serikali ikayatambua kuwa mji. Kupandishwa hadhi hupokewa kwa shangwe, na si bure, kwa kuwa watu hutarajia lami, taa na maji. Lakini kuna kitu kinachopotea siku hiyo bila kutangazwa, nacho ni kiti cha mwananchi wa kawaida katika serikali yake. Ninachodai hapa ni kwamba kero nyingi za kila siku za miji yetu midogo, kuanzia taka mpaka migogoro ya viwanja, zina mzizi mmoja: tumeikuza miji bila kukuza mkutano wa wananchi wake.

Kwanza tuone kilichopo kijijini. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, kijiji kilichosajiliwa ni chombo kamili cha kisheria. Kinaweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliotimiza miaka 18, ndio wenye kauli ya juu; halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ni mtekelezaji tu. Mkutano huo unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo penye desturi ambayo Watanzania wote wanaijua kwa jina: kusomewa mapato na matumizi. Mtendaji husimama na daftari, akataja michango iliyokusanywa, ushuru uliobaki kijijini, mifuko ya saruji iliyonunuliwa na fundi aliyelipwa. Watu huuliza, hubisha, wakati mwingine hukataa taarifa nzima. Viko vijiji ambavyo wenyeviti wamekataliwa hadharani kwa sababu moja tu, ya kushindwa kusoma hesabu. Hata sheria ndogo za kijiji hujadiliwa kwanza na mkutano huo kabla ya kupelekwa wilayani kuidhinishwa.

Sasa kijiji hicho kikikua na kuwa mji mdogo, muundo wake unabadilika. Mamlaka ya mji mdogo haigawanywi katika vijiji bali katika vitongoji. Wenyeviti wa vitongoji huingia katika baraza la mji, lakini kitongoji chenyewe si chombo cha kisheria kama kilivyokuwa kijiji. Hakina mali yake wala hakitungi sheria ndogo. Mji mdogo wenyewe nao unabaki chini ya halmashauri ya wilaya, ambayo makao yake yanaweza kuwa mbali, na bajeti yake kubwa hupangwa huko. Mji ukikua zaidi ukapata halmashauri yake, kama ilivyokuwa kwa Makambako na Tunduma, unagawanywa katika kata na mitaa. Mtaa una mwenyekiti aliyechaguliwa, kamati ndogo na mtendaji aliyeajiriwa, lakini nao hauna hadhi ile ya kijiji. Kwa mwananchi, ofisi ya serikali ya mtaa ni mahali pa kupata barua ya utambulisho: ya kufungulia akaunti benki, ya kuombea kitambulisho cha taifa, ya kumdhamini ndugu aliyeko polisi. Mhuri upo, daftari la wakazi lipo, na kwenye ubao wa matangazo kuna karatasi za chanjo na za mwenge zilizobabuka. Mapato na matumizi ya mji hayapo, kwa sababu hayapiti hapo. Yanapita benki kwenye akaunti ya halmashauri, na yanajadiliwa na madiwani.

Ardhi ndiyo inayoonyesha wazi zaidi kilichopotea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini, na inaikataza kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Kizuizi hicho hakijamaliza wizi wa ardhi vijijini, lakini kinampa mwanakijiji silaha: anaweza kuuliza muhtasari wa mkutano uko wapi, na kama haupo, ugawaji huo una kasoro ya kisheria. Eneo likitangazwa kuwa la mpango mji, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, mamlaka yanahamia kwa wataalamu wa halmashauri na wizara. Wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni juu ya mchoro, ila kutoa maoni si sawa na kutoa idhini. Ndiyo maana katika miji mingi inayochipukia utasikia malalamiko yaleyale: kiwanja kimoja kimeuzwa kwa watu wawili, uwanja wa watoto umeota vibanda, njia ya mtaa imezibwa na ukuta, eneo la makaburi limemegwa. Mashamba yaliyopakana na kijiji kwa miaka hamsini yamekuwa viwanja ndani ya miaka mitano, katika kipindi kilekile ambacho mkutano uliokuwa ukiyalinda umekoma.

Tatizo la pili ni kwamba hata halmashauri yenyewe imepunguziwa mambo ambayo wakazi wanaidai. Chukua kalavati lililobomoka kwenye njia ya kwenda zahanati. Wajawazito wanapita juu ya mbao mbili, bodaboda wanazunguka mtaa mzima. Wakazi wanamwendea mwenyekiti wa mtaa, naye anawapeleka kwa diwani. Diwani anasema, na anasema kweli, kwamba tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara wenye meneja na bajeti yake. Bomba likipasuka, katika maeneo ya vijijini na miji midogo kadhaa jibu ni RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019. Kwingine ni mamlaka ya maji ya mji. Kodi ya jengo, iliyokuwa chanzo cha halmashauri za miji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake, na baadhi yamezaa matunda: barabara zinahitaji wahandisi, na kodi ya jengo ilikuwa ikikusanywa hovyo. Lakini ukiyajumlisha, mwananchi anamchagua diwani ili ashughulikie barabara, maji na kodi ya majengo, halafu diwani hana mamlaka ya moja kwa moja juu ya hata kimoja. Wenye mamlaka hayo hawachaguliwi, na hakuna siku katika mwaka ambayo wanalazimika kukaa mbele ya wakazi wa mtaa na kuulizwa.

Nchi hii imewahi kujaribu kuendesha miji bila sauti ya wakazi, na matokeo tunayajua. Mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilifutwa. Shughuli zake zikakabidhiwa watendaji wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani, wengi wao wasomi na wachapakazi. Nia ilikuwa njema: kupeleka utaalamu karibu na wananchi na kuharakisha maendeleo ya vijijini. Mijini mambo yaliharibika upesi. Taka hazikuzolewa, mitaro iliziba, barabara zilichakaa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikaikumba nchi. Mwaka 1978 ikabidi itungwe sheria ya dharura ya kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mpya za serikali za mitaa, na mwaka 1984 mfumo ukarudi nchi nzima. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa, pamoja na vyama vya ushirika, kulikuwa kosa ambalo asingelirudia. Katiba ikaongezwa ibara ya 145 na 146, na ya pili inasema wazi kwamba madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Angalia neno lililotumika: wananchi, si wilaya wala mkurugenzi. Somo la miaka ile ni kwamba utaalamu usioulizwa na yeyote hugeuka uzembe, hata ukiwa mikononi mwa watu wema.

Kuna watakaosema, kwa haki, kwamba mji si kijiji. Mji unahitaji mchoro, dampo lililochaguliwa kwa vipimo, machinjio yenye daktari wa mifugo, mfumo wa majitaka. Mambo haya hayaamuliwi kwa kunyoosha mikono chini ya mwembe. Nakubaliana nao kabisa katika hilo. Mhandisi ndiye ajuaye kipenyo cha bomba, na mpimaji ndiye ajuaye mipaka. Lakini kuamua jinsi ya kujenga na kuuliza kama kilicholipiwa kimejengwa ni kazi mbili tofauti. Mkazi wa mtaa hahitaji shahada ili aone kwamba mtaro ulioandikwa kwenye taarifa una mita mia mbili, na uliopo ardhini unaishia kwenye duka la kona. Yeye ndiye mkaguzi pekee anayepita hapo kila siku, mvua na jua, bila posho. Tena mambo mengi yanayosumbua mji mdogo hayana utaalamu mkubwa ndani yake: gari la taka lipite siku gani, vizimba vigawiwe kwa utaratibu upi, gulio lifungwe saa ngapi ili barabara ipitike, taa ya kwanza iwekwe kichochoro kipi. Katika mambo hayo mkazi anajua kuliko mtaalamu aliyehamia mwezi uliopita.

Wengine watasema mikutano haina watu. Mwenyekiti hupita na kipaza sauti juu ya pikipiki tangu jana yake, na siku ikifika wanakuja wazee kumi na watoto. Wapangaji hawaoni kwamba mtaa ni wao, wachuuzi hawawezi kufunga biashara, vijana wana mambo yao. Ni kweli, na hata vijijini akidi imekuwa shida. Ila tuulize kwa nini watu hawaji. Mtu haachi kibanda chake saa nne asubuhi ili akasikilize matangazo na kuombwa mchango. Mkutano usio na fedha ya kuamua wala mtu wa kujibu ni kupoteza muda, na wananchi kuususia ni kutumia akili. Watu haohao hujaa mpaka nje pale inapotangazwa kwamba orodha ya viwanja vya urasimishaji inasomwa, au majina ya wanaopewa vizimba vya soko jipya. Wanapenda mikutano yenye kitu. Hata suala la muda lina tiba: soko lina siku yake ya mapumziko, nao wafanyabiashara wana vikundi vyao vya kukopeshana vinavyokutana kila wiki bila kukosa, na hesabu husomwa mpaka shilingi ya mwisho. Mchuuzi anayeitwa mvivu wa mikutano ya mtaa hawezi kukosa mkutano wa kikundi chake, kwa sababu kule anaona fedha yake.

Hoja nzito zaidi ni ya wizi. Ukishusha fedha na madaraka mtaani, wanasema, umeshusha na ufisadi. Badala ya mwizi mmoja wilayani utakuwa nao ishirini. Hofu hii haipaswi kudharauliwa, maana ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikionyesha mwaka baada ya mwaka makusanyo yasiyopelekwa benki, mashine za kukusanyia ushuru zilizozimwa kwa siku nyingi na mikopo ya asilimia kumi isiyorejeshwa. Mikopo hiyo, inayotokana na mapato ya ndani ya halmashauri kwa mgawo wa asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilibidi isimamishwe mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ndipo ikarejea mwaka uliofuata. Lakini tazama wizi huo ulitokea wapi: kwenye ngazi yenye wahasibu, wakaguzi wa ndani na kamati za fedha. Vikundi hewa vilipata mikopo kwa sababu majina yake yalipitishwa kwenye mafaili na hayakusomwa mtaani, ambako mtoto wa darasa la tano angesema kikundi hicho hakipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze kwamba hata daftari likifungiwa kabatini, mali hupotea vilevile.

Mfano bora tunao kwa majirani zetu. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walifuatilia ruzuku ya wanafunzi iliyokuwa ikitolewa na serikali ya Uganda kwa shule za msingi. Walikuta kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipokea kwa wastani takriban asilimia 13 tu ya fedha zisizo za mishahara zilizotengwa kwa ajili yao. Nyingine ziliishia njiani, hasa wilayani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hadharani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80. Yalikuwapo mageuzi mengine ya usimamizi wakati huohuo, na si haki kulipa tangazo sifa yote. Lakini hakuna anayekanusha kwamba mzazi aliyejua kiasi alichopaswa kuulizia alikuwa mlinzi ambaye hakuwapo hapo kabla. Dawa ilikuwa karatasi ukutani na mtu wa kuisoma, na gharama yake ni ndogo kuliko semina moja ya hotelini.

Yuko pia atakayesema kwamba mwananchi ana kura, na kura yatosha. Uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila baada ya miaka mitano. Wa karibuni ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, ukihusisha zaidi ya vijiji 12,000, mitaa zaidi ya 4,200 na vitongoji zaidi ya 63,000. Chama Cha Mapinduzi kilitangazwa mshindi wa zaidi ya asilimia 98 ya viti, huku vyama vya upinzani vikilalamikia wagombea wao kuenguliwa. Kila mmoja ana maoni yake juu ya uchaguzi huo. Ninachosema hakitegemei chama gani kilishinda, kwa sababu hata uchaguzi usio na doa hutokea mara moja katika siku 1,800 na zaidi, na taka hurundikana kila siku. Kura humpa kiongozi dhamana, na mkutano wa kila robo mwaka ndio humkumbusha. Tena pale ushindani wa vyama unapokuwa mdogo, ndipo mkutano wa wananchi unapohitajika zaidi, kwa kuwa hakuna mpinzani ndani ya baraza atakayeuliza kwa niaba yao.

Wala shida hii si ya Tanzania peke yake. Kenya, baada ya Katiba ya mwaka 2010, ilipeleka madaraka na fedha kwa kaunti 47, na mwaka 2013 mabaraza ya zamani ya miji yakafikia mwisho wake. Kaunti zimefanya mengi mazuri, lakini miji midogo ilijikuta bila serikali yake yenyewe, ikisubiri makao makuu ya kaunti. Sheria ya Maeneo ya Mijini na Majiji ya mwaka 2011 ilirekebishwa mwaka 2019 ili mji wenye watu 50,000 uweze kuwa manispaa na wenye 10,000 utambuliwe kama mji. Hata hivyo bodi za manispaa hazichaguliwi na wakazi kwa kura ya moja kwa moja. Sheria hiyo inatambua mabaraza ya wakazi ya kujadili mambo ya mji wao, na hilo ni jambo la kuigwa, ilimradi yanayosemwa humo yawe na uzito. Nchi mbili zimepita njia tofauti, zikakutana pale pale: madaraka yameshuka kutoka mji mkuu, yakasimama hatua moja kabla ya kumfikia mkazi wa mji mdogo.

Basi tufanye nini? Sipendekezi miji irudi kuwa vijiji. Napendekeza haki tatu za kijiji zihamie mjini pamoja na watu wake. Ya kwanza ni mkutano wa kisheria wa mtaa au kitongoji kila robo mwaka, wenye ajenda moja isiyoondolewa: mapato yaliyokusanywa ndani ya eneo hilo na matumizi yaliyofanyika humo. Mashine za ushuru zimerahisisha kazi hii. Kila senti inayopita kwenye mashine ina kumbukumbu, na kutoa jumla ya soko moja kwa miezi mitatu ni kazi ya dakika chache. Ya pili ni mgawo usio wa hiari. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, halmashauri zilitakiwa kurudisha asilimia 20 ya ruzuku ya fidia kwenye ngazi za chini, na malalamiko kwamba hairudi yamedumu miaka mingi kwa sababu ilikuwa hisani ya mkubwa kwa mdogo. Mgawo wa mtaa uandikwe katika sheria ya fedha, uwe mdogo kama lazima, lakini uwe wa hakika, na mkutano ndio uamue uzibe mtaro au uweke taa. Ya tatu ni wajibu wa kuhudhuria: meneja wa TARURA, wa maji na ofisa ardhi, au wawakilishi wao, wafike katika kata angalau mara moja kila nusu mwaka, wajibu kwa maandishi maswali waliyoachiwa mara iliyopita.

Wakati sheria hizo zikisubiriwa, wakazi hawana sababu ya kukaa kimya. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa umma, ingawa viti vya nyuma mara nyingi huwa vitupu. Ripoti za Mdhibiti huwasilishwa bungeni kila mwaka na kuwekwa hadharani, na kila halmashauri ina sehemu yake humo. Katika mkutano ujao wa mtaa, hata wakija watu kumi, mmoja wao asimame na aulize mambo matatu, yaandikwe kwenye muhtasari: soko letu limeingiza kiasi gani robo hii, kiasi gani kimerudi hapa, na nani atatuletea jibu tarehe ngapi. Mtendaji hatakuwa na majibu yote siku hiyo, wala tusimlaumu, maana hajawahi kupewa. Lakini swali likishaandikwa kwenye muhtasari, likapigwa mhuri na nakala ikapelekwa kwa mkurugenzi, limekuwa deni, na deni lina tarehe. Yule mama wa nyanya ana karatasi zake za ushuru wa miezi mitatu nyumbani, zimefungwa kwa kamba ya mpira. Ameshatimiza upande wake wa hesabu, na mji nao usome wake.